Nimekosa kujiandikisha kwa mtihani Ujerumani: nimwombe profesa au nikubali yaishe?

Mgeni wa Theluji (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Nilifika Ujerumani mwezi Oktoba, muhula wa majira ya baridi ulipoanza, kusoma shahada ya uzamili inayofundishwa kwa Kiingereza. Mageni niliyokutana nayo ni mengi, na mengine nayacheka hadi leo. Siku ya kwanza nilifika darasani saa nne kamili nikakuta viti vitupu, kwa kuwa sikujua kwamba herufi «c.t.» kwenye ratiba zina maana kuwa kipindi huanza robo saa baadaye. Kipindi kilipokwisha, wenzangu wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, nikadhani wanamzomea mhadhiri, kumbe ndivyo wanavyompongeza.

Lililonifanya niandike ni zito zaidi. Neno «Anmeldung», yaani kujiandikisha, nilikutana nalo mara ya kwanza nilipokwenda kuandikisha makazi yangu katika ofisi ya mji, jambo ambalo hutakiwa kufanywa ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia. Desemba ikaja barua pepe kutoka kitivo kinachotufundisha takwimu, ikiwa na neno hilohilo na tarehe ya mwisho, nami nikaipita nikiamini kwamba Anmeldung yangu nilikwisha kuimaliza na cheti chake ninacho kabatini. Kumbe lilikuwa tangazo la kujiandikisha kwa mtihani, na kujiandikisha kwa mtihani hapa ni jambo jingine kabisa na kujiandikisha kwa somo. Masomo 2 ya idara yangu yana utaratibu wake na hayo nimeyawahi, takwimu imeniponyoka. Mtumishi wa ofisi ya mitihani alinisikiliza kwa upole, akanionyesha kanuni, akasema haiwezekani. Sijakosa kipindi hata kimoja, lakini mahudhurio hayana alama yoyote, maana alama zote za somo zimo katika mtihani huo mmoja.

Naomba ushauri: nimwandikie profesa kumsihi? Je, jambo hili litanidhuru nitakapoomba kuongezewa kibali cha ukaazi? Nauliza kwa hofu kwa sababu naishi kwa akaunti ya benki yenye kizuizi, inayoniruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi, na muhula wa ziada siuwezi.

Kalamu ya Zamani

Pole sana, mdogo wangu. Usimsihi profesa. Yeye hutunga mtihani na kuusahihisha, lakini orodha ya watahiniwa haiko mikononi mwake, na ombi lako litamweka mahali pa kukataa tu. Mwenye uwezo wa kukufungulia mlango ni kamati ya mitihani, nayo kwa kawaida husikiliza sababu iliyo nje ya uwezo wako, kama ugonjwa uliothibitishwa kwa cheti cha daktari. Kutoelewa barua si sababu ya namna hiyo. Na tafadhali, usije ukashawishika kubuni ugonjwa.

Dada wa Maktaba

Nakubaliana na Kalamu kuhusu kusihi, ila sikubali kwamba profesa asiandikiwe. Mwandikie, lakini umuulize jambo jingine: je, kuna awamu ya pili ya mtihani? Masomo mengi huwa na tarehe mbili, moja muhula unapoisha mwezi Februari na nyingine karibu na mwanzo wa muhula wa Aprili, na mara nyingi kila tarehe ina uandikishaji wake. Anza kwa cheo na jina lake la ukoo, taja somo na namba yako ya usajili, uliza, shukuru, maliza. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikianza kwa kumjulia hali yeye na familia yake, nikajibiwa mstari mmoja. Nililia usiku kucha nikidhani amenichukia, na baadaye nikagundua kwamba mstari ule ulikuwa umejibu kila nilichouliza.

Pia nenda kwa Fachschaft, yaani wawakilishi wa wanafunzi wa kitivo hicho cha takwimu. Wao hujua tarehe hizi kabla hazijatangazwa, na aghalabu wana mitihani ya miaka iliyopita.

Mvuka Mto Elbe

Kuhusu kibali, tulia. Kibali cha masomo kwa kawaida hutolewa kwa miaka 2, na anayekiongeza hutazama kama utaweza kumaliza kwa muda unaofaa. Somo moja kati ya mzigo wa pointi 120 za uzamili halitikisi hilo.

Tena ulichokosa hakihesabiwi kuwa jaribio, kwa sababu hukuwa katika orodha. Hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani: vyuo vingi vina kikomo cha majaribio, mara nyingi 3, na anayeshindwa la mwisho katika mtihani wa lazima huzuiwa kuendelea na kozi ileile popote Ujerumani. Kwa hiyo hofu yako ielekeze kwenye ile mitihani 2 uliyojiandikisha. Usipotokea bila sababu iliyothibitishwa utaandikiwa 5.0, yaani umeshindwa, hapa ambapo 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kama hujajiandaa, angalia leo tarehe ya mwisho ya kujiondoa.

Mgeni wa Theluji

Nawashukuru nyote. Nimekwenda kwa Fachschaft: awamu ya pili ipo mwishoni mwa Machi, na uandikishaji wake utafunguliwa Februari. Profesa nilimwandikia mistari minne, naye akajibu kwa mmoja: «Ndiyo, karibu Machi.» Dada wa Maktaba, sikulia.

Limebaki swali dogo. Mtihani wangu wa kwanza umeandikwa saa nne «s.t.» badala ya «c.t.» niliyoizoea. Je, nayo ina robo saa?

Dada wa Maktaba

Haina! Hiyo ni saa nne kamili. Uwe mlangoni saa tatu na nusu, na kitambulisho cha mwanafunzi mkononi.