Wenye vibanda vya muvi na nyie mavijei wa kutafsiri kwa maiki, mnatuharibia muvi kabla haijaanza!!

Wadau salaam. Nina hasira tangu Jumamosi na leo nazitoa hapa, anayeona namwonea mtu aseme tu.

Mi niko Arua, Uganda, mtaa wa Oli huku. Kuna kibanda nimezoea kuingia wikendi, sikitaji kwa sababu mwenyewe ananikopesha na tunaswali msikiti mmoja. Elfu moja unaona muvi mbili, mabenchi ya mbao, bati linawaka juu, jenereta nje linanguruma kama lori limekwama kwenye tope. Hayo yote sina neno, ndo kibanda kilivyo, Watanzania walishakiita kibanda umiza na hawakukosea. Shida yangu ni zile dakika tano za kwanza. Tano tu!

Jumamosi wakaweka The Godfather, ile ya 1972. Nlikuwa nimeiona kwa simu ya shemeji lakini kwa skrini kubwa bado, nikasema leo ndo leo. Mnaoijua mnajua inavyoanza, tarumbeta, jina, alafu skrini inakuwa nyeusi tititi na mwanaume anasema anaiamini Marekani. Ndo uso wake unatokea gizani, kumbe ni mtu wa kuzika maiti, anaeleza binti yake alivyopigwa, na kamera inarudi nyuma polepole, polepole, dakika karibu tatu hivi, mpaka linaingia bega la mtu aliyekaa kimya anasikiliza. Uso wake humwoni. Mkono unapunga kidogo tu na yule anayelia anapewa kinywaji. Bega na mkono, basi, na wewe ushaanza kumwogopa.

Sasa kijana wa rimoti. Skrini ilivyokuwa nyeusi akaruka kwenye kiti, akadhani waya umechomoka, akautikisa, picha ikakatika ikarudi. Akaona bado giza, akapandisha braitinesi mpaka mwisho, ofisi ya yule mzee wa bega ikawa kijivu kama uji wa mtama uliolala. Yaani mpigapicha wa ile muvi, Gordon Willis, wenzake walimbatiza Mwana wa Mfalme wa Giza kwa sababu ya kazi kama hii, alitundika taa juu ya vichwa vya watu makusudi ili macho ya Marlon Brando, anayeigiza huyo mzee, yabaki kwenye kivuli usijue mzee anawaza nini. Makusudi jamani! Mtu kahangaika kuyaficha, we unayafichua kwa kibonyezo kimoja. Na pale kamera inapotoka nje kwenye harusi, jua kali, watu wanacheza, ilitakiwa macho yakuume kwa sababu umetoka kwenye shimo. Sisi hatukutoka shimoni, tulitoka kwenye uji, kwa hiyo ikawa harusi tu kama ya binamu yangu.

Alafu vijei na maiki yake. Nisieleweke vibaya, mavijei nawapenda, nimekua nao, bila vijei bibi yangu asingeijua hata muvi moja ya kung fu, na jamaa akishika maiki kwenye ngumi unacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini huyu, mzee wa watu analia anaomba haki, kamera haijafika hata kwenye bega, yeye kashapiga kelele "Huyo aliyejificha hapo ndo bosi wa mafia, subirini mtamwona anavyomaliza watu!" Kamera inaficha dakika tatu, we unamaliza kwa sekunde tatu. Banange.

Nikanyamaza nikanunua karanga.

Ya pili ikawa Se7en ya 1995 (kama hujaiona ruka aya hii). Pale yanapoingia majina ya mwanzo, yale ya kuchorwachorwa yanayorukaruka kama mdudu yuko ndani ya projekta, muziki unakwaruza, unaona mikono ya mtu inachuna ngozi ya ncha za vidole kwa wembe, inashona madaftari kwa uzi. Kyle Cooper aliyeyatengeneza, yeye na wenzake walikwangua filamu yenyewe kwa mkono kupata ule uchafu. Uso hakuna, jina hakuna, lakini muuaji umeshakaa naye chumbani dakika mbili na hatatokea tena kwa muda mrefu sana. Kijana wetu akasema "flashi ina vairasi". Wallahi tena. Akaichomoa, akaifuta kwenye shati, akairudisha, akaforwadi mpaka kwenye mvua. Sasa kule mbele yule muuaji anaingia kituo cha polisi na vidole vimefungwa plasta, mzee nyuma yangu anauliza "huyu nani kamkata vidole?" na kibanda kizima kikaanza kubishana. Jibu lilikuwa kwenye zile dakika mbili mlizoita vairasi!!

Mtaniambia watu wanataka ekshen. Haya. Kuna muvi ya Orson Welles ya 1958, Touch of Evil, bomu linawekwa kwenye buti ya gari na kamera inalifuata lile gari mjini mpaka mpakani, zaidi ya dakika tatu bila kukata hata mara moja, gari linasimama, watu wanapita mbele yake, askari anauliza maswali, na we peke yako ndo unajua kilichomo. Sisi tunaopita Vurra, mpakani na Kongo, kila wiki gari lile tunalijua, foleni ile tunaijua. Hakuna risasi hata moja na jasho linakutoka. Lakini hata wenye studio waliuchafua mwanzo huo, wakabandika majina juu yake na muziki mmoja unapiga mwanzo mwisho, wakati Welles alitaka usikie redio za baa zikibadilika kadiri unavyopita. Aliwaandikia kurasa 58 za malalamiko, marekebisho yakaja 1998 mwenyewe keshakufa. Kwa hiyo wajinga wa rimoti hawakuanzia Arua, hilo nakubali.

Tulivyotoka nikamfuata mwenye kibanda kwa heshima zote, nikamwambia mzee wangu, dakika tano za kwanza mwambie kijana aweke rimoti chini na vijei anywe maji. Akanitazama, akasema "mwanangu, giza likizidi watu wanadhani umeme umekatika, wanadai hela zao". Hapo nikakosa jibu, maana kwa umeme wetu huu mzee hajakosea.

Jumamosi hii narudi. Nafika mapema, nakaa benchi la mbele kabisa, pembeni ya kijana, na ile rimoti nitaikalia.