MJADALA: Nafasi 4 za Ulaya Kombe la Dunia la ufukweni, ni haki wiki moja iamue kila kitu?

Mchanga Moto
Wakuu habari zenu. Hili jambo linanikera tangu Kombe la Dunia la soka la ufukweni pale Ushelisheli 2025 na leo nalitoa. Ulaya wana nafasi 4 kati ya timu 16, na zote 4 zinagawiwa kwenye mashindano ya mji mmoja, siku chache tu, basi. Za Kombe la Dubai 2024 waliamulia Baku, Azerbaijan, za Ushelisheli wakaamulia Cádiz, Hispania, na mara zote mbili wamepita walewale: Belarusi, Italia, Ureno, Hispania. Uswisi waliomaliza wa 3 duniani 2021 wamekosa mara mbili mfululizo! Wakati huohuo kuna ligi ya Ulaya ya soka la ufukweni inachezwa kila kiangazi tangu 1998 na haitoi hata tiketi moja. Mimi nasema tiketi 2 zitoke kwenye ligi, 2 zibaki kwenye mchujo. Timu iliyocheza vizuri kiangazi kizima isizikwe na siku moja mbaya. Mnaonaje?

Kocha wa Mtaa
Uswisi tena? Hawana hata bahari hao, wana milima na ng'ombe. Wakikosa Kombe la ufukweni mi naona sawa tu, wakacheze kwenye theluji.

Dada wa Nyali
@Kocha wa Mtaa hoja gani hiyo sasa. Belarusi nao hawana bahari, na ndio walicheza fainali na Brazil pale Mahé, Ushelisheli, wakafungwa 4-3. Goli moja tu kaka! Na hao Uswisi unaowacheka walishacheza fainali Dubai 2009 na yule Stanković wao akabeba kiatu cha dhahabu kwa magoli 16. Bahari haifungi magoli.

Kocha wa Mtaa
Dada sijasema hawajui mpira. Nasema inauma. Sisi kuanzia Tanga mpaka Mtwara mchanga mtupu, Unguja na Pemba ndo usiseme, watoto wanacheza peku tangu hawajajua kusoma, halafu fainali anacheza mtu aliyemwagiwa mchanga na lori. Hiyo haikuumi wewe?

Mwana wa Sur
Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, kwa hiyo hili naliona kwa karibu, timu yetu ilikuwepo Ushelisheli. Ndugu zangu uwanja wa mchezo huu ni mita 35 mpaka 37 kwa 26 mpaka 28, na mchanga uwe na kina cha sentimita 40 angalau, uchekechwe usiwe na kokoto wala makombe ya bahari. Ufukwe wa kawaida mawimbi yameupiga ukawa mgumu haukufai mpaka uutengeneze. Kwa hiyo wa lori na wa bahari wote wanaanzia palepale. Ila niulize na mimi: Asia tuna nafasi 3 na Japani alicheza fainali 2021, kwa nini Ulaya wapewe 4 na bado walalamike?

Mchanga Moto
@Mwana wa Sur shukrani mzee wangu, lakini swali langu si wangapi, ni wanapatikana vipi.

Kijana wa Hannover
Niko Ujerumani huku naomba niseme kidogo kuhusu hilo la lori maana limenigusa. Ujerumani wana bahari kaskazini, fainali za klabu zao zinachezwa Warnemünde ufukweni kabisa, na bado hawajawahi kufuzu tangu FIFA waanze kuandaa 2005. Uingereza hivyohivyo, kisiwa kizima kimezungukwa na maji. Ufaransa ndo bingwa wa kwanza wa FIFA, 2005 pale ufukwe wa Copacabana, Brazil, kocha Cantona, na tangu waandae wenyewe Marseille 2008 hawajarudi tena. Kwa hiyo acheni habari za bahari jamani, ni nani ana wachezaji wanaofanya kazi hii mwaka mzima na nani anachukua watu wa mpira wa kawaida wiki mbili kabla ya mashindano.

Simba wa Ilala
Ukweli mchungu ni kwamba Ureno ndo timu pekee ya Ulaya ya kuaminika, haijawahi kukosa Kombe la Dunia hata mara moja. Wengine wanabahatisha.

Dada wa Nyali
Weee! Ureno walikosa 2013, ile ya Tahiti. Ulaya walikwenda Urusi, Hispania, Ukraine na Uholanzi. Kisha 2015 wakaandaa wenyewe Espinho wakawa mabingwa. Usitupe uongo hapa.

Mchanga Moto
Asante dada, hapo ndipo ninapotaka twende! Ureno walikosa 2013, halafu Urusi bingwa wa 2011 na 2013 naye akakosa 2017. Bingwa mara mbili! Hispania nao walikosa 2017 na 2019. Mchezo wenyewe ni vipindi 3 vya dakika 12, faulo haina ukuta, aliyechezewa ndo anapiga mwenyewe, kila dakika ni shuti golini. Mchezo wa namna hiyo una bahati nyingi kuliko mpira wa majani, sasa ukiubana kwenye wiki moja unazidisha bahati.

Simba wa Ilala
Hata kama walikosa mara moja, Ureno ni Ureno. Madjer, mshambuliaji wao, magoli 88 Kombe la Dunia nani atayafikia? Mzungu gani mwingine kafanya hivyo?

Kocha wa Mtaa
Mzungu?? Madjer kazaliwa Luanda, Angola! Na hilo jina la utani kapewa kwa ajili ya yule Madjer mwanasoka wa Algeria. Hata jina ni la Afrika. Tunawapa watu halafu tunawashangilia wakiwa na jezi za wengine.

Simba wa Ilala
Kazaliwa Luanda, kacheza Ureno, kalelewa kimpira Ureno. Angola wangempa nini? Uwanja wa mchanga waliokuwa nao ni upi? Usidandie mafanikio ya mtu ambaye hukumlisha.

Kocha wa Mtaa
Sikumlisha na wewe hukumlisha. Mimi najivunia mzaliwa wa Afrika na sitaomba ruhusa kwako.

Kijana wa Hannover
Jamani mada. Kuna kitu hamjakigusa kabisa: Urusi bingwa wa 2021 amefungiwa tangu 2022 sababu ya vita, Dubai hakwenda kutetea taji, na Belarusi aliyesimama upande wake yumo, tena kafika fainali. Timu ya Belarusi ya mpira wa majani inaambiwa ichezee mechi za nyumbani nje bila watazamaji, lakini soka la ufukweni lote linachezwa mji mmoja, kwa hiyo adhabu hiyo haiwagusi hata kidogo. Hilo mnaliona haki?

Mwana wa Sur
Wachezaji hawakuanzisha vita mwanangu. Wale vijana 12 wamekosa nini?

Kijana wa Hannover
Mzee wangu na wale 12 wa Urusi walikosa nini? Sheria iwe moja, wote waingie au wote watoke. Mimi hapa sitarudi nyuma.

Mama Zuhura
Nimesoma kuanzia juu naona mnawapigania Waswisi kama shemeji zenu. Afrika nzima ina nafasi 2! Ushelisheli waliingia kwa sababu ni wenyeji, Kombe la kwanza la aina hii kufika Afrika. Senegal wa 4 mwaka 2021, wa 4 tena 2025. Tanzania tulikwenda AFCON (Kombe la Afrika) ya ufukweni 2018 Sharm el-Sheikh, Misri, na 2021 Saly, Senegal, hatukupata tiketi, hakuna aliyefungua mjadala. Na @Kocha wa Mtaa kundi letu la Saly alikuwemo Uganda, hana bahari naye, ana ziwa. Msimdharau mtu kwa ramani.

Kocha wa Mtaa
Mama shikamoo. Ziwa lina mchanga, hilo nakubali. Lakini sisi tuna bahari na ligi iko wapi? Kenya je, mbona Saly sikuwaona?

Dada wa Nyali
Unaanza tena na Kenya! Wewe ulikwenda Saly ukarudi na nini? Jibu hilo kwanza.

Simba wa Ilala
Tulirudi na uzoefu. Nyinyi mlibaki Nyali mkikodisha ngamia kwa watalii.

Dada wa Nyali
Ngamia analisha familia, na matusi yako kuhusu watu wanaojitafutia pwani yetu uyaache hukohuko Ilala. Mpaka useme pole sijibu chochote cha mpira.

Mchanga Moto
Naomba mtu mmoja tu anijibu. Tiketi 2 kwenye ligi, ndiyo au hapana?

Mama Zuhura
Mwanangu, ziende 2 kwenye ligi wakitaka, ila zibaki 3 Ulaya na hiyo ya 4 waipe Afrika. Na huyo wa Ilala amuombe radhi binti wa watu.