Anthony Richardson: bado kuna kwotabeki pale, au ndiyo basi tena?

Kijenge_Juu
Wakuu, salaam kutoka Arusha. Kijiweni hapa Kijenge ubishi umegoma kuisha, naomba wanaoujua mpira wa Kimarekani watuamulie. Richardson ni kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Alichaguliwa na Colts, timu ya Indianapolis, mwaka 2023, chaguo la 4 kati ya wachezaji wapya wanaotoka vyuoni. Msimu wa 2024 pasi zake zilizofika ni asilimia 47.7, tachidauni (mabao yao) 8 za pasi, mipira 12 ikanaswa na wapinzani. Mwaka 2025 namba akapewa Daniel Jones, na Oktoba mkanda wa mpira wa kunyoshea misuli ukamvunja Richardson mfupa wa kuzunguka jicho kabla ya mechi. Kundi moja linasema kwisha habari yake. Jingine linasema hata kwotabeki mwenzake Sam Darnold alishazikwa akafufuka. Kama njia ipo, ni ipi hasa? "Ana kipaji" hilo tunaliona wenyewe.

MzeeWaYadi
Mkuu, Darnold mnamtumia vibaya. Jets, timu yake ya kwanza, walipomtupa alikuwa anafikisha pasi karibu 60 katika kila 100. Kurusha alikuwa anajua, kilichomwangusha ni ukuta mbovu mbele yake na timu isiyo na wapokeaji. Akakaa mwaka 2023 akiwa wa akiba nyuma ya Brock Purdy kule San Francisco, akahamia Minnesota akamkuta mpokeaji Justin Jefferson, na 2024 akarusha yadi 4,319 na tachidauni 35. Huyo alibadilishiwa mazingira tu.

Wa kumlinganisha na Richardson ni Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo. Pasi zake zilizofika: asilimia 52.8 mwaka 2018, 58.8 mwaka 2019, 69.2 mwaka 2020. Lakini hata Allen alianzia juu kuliko alipo huyu, tena miaka yote hiyo alikuwa uwanjani. Richardson chuoni Florida alianza mechi 13 tu.

Sasa acheni kuangalia mkono, angalieni miguu. Pasi zake nyingi zinazokosa zinapita juu ya mpokeaji, na hizo huanzia chini. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaotangulia. Akiutupa mbali, uzito unabaki nyuma, bega la mbele linanyanyuka, mpira unapaa. Wayo ukitua umefungwa kuelekea kulia, nyonga inakwama na mkono unafanya kazi peke yake. Kwenye pasi ya yadi 40 hasara haionekani sana, mpokeaji ana muda wa kurekebisha mbio. Kwenye pasi ya yadi 6 ni mpira wa kifuani kugeuka mpira wa juu ya kofia.

Dawa yake inajulikana, ila inachosha. Chora mstari wa chaki kuelekea shabaha. Miguu ianze imepanuka kidogo kuliko mabega, mguu wa mbele usogee kama urefu wa wayo mmoja na utue kushoto kidogo mwa mstari. Rusha yadi 5, 8, 12, kwa nguvu ya nusu, mpaka nyonga zizoee kutangulia mkono. Kisha ongeza vurugu: ruka mifuko iliyolazwa chini, telezea pembeni, panga miguu upya, ndipo urushe. Mwisho unganisha hatua na njia ya mpokeaji. Pasi ya haraka ni hatua 3 na mpira umeshatoka, pasi ya kati ni hatua 5 na kahatua kafupi kamoja ka kujiweka sawa. Kwotabeki anayesubiri amwone mpokeaji yuko wazi ndipo apange miguu, ameshachelewa.

Na haya hayafanyiki katikati ya msimu. Wiki ya mechi, karibu mazoezi yote ya mipango ya timu anayapata anayeanza. Wa akiba anaigiza mashambulizi ya mpinzani ili walinzi wajiandae. Ukarabati ni Februari mpaka Aprili, na kocha binafsi, kabla programu ya timu haijafunguliwa.

Dada_Soweto_Moshi
Mzee, bega umelisahau. Oktoba 2023, dhidi ya Titans, aliumia bega la kulia, lile lile la kurushia, akafanyiwa upasuaji baada ya kuanza mechi 4 tu. Mtu anayetoka kwenye upasuaji wa namna hiyo hulilinda bega bila kujua, na akililinda, miguu inavurugika. Kwa hiyo asilimia 47.7 ni ya kwotabeki aliyekuwa bado anapona na anajifunza kwa wakati mmoja. Mimi simziki.

Kinachonitia shaka ni mechi ya Houston, 2024. Aliomba kutoka uwanjani mwenyewe kwa sababu amechoka, na mechi 2 zilizofuata akaanza Joe Flacco. Bega linapona. La kuomba kutoka makocha hawalisahau.

MzeeWaYadi
Dada, la bega nakubali kwa nusu. Kupaisha pasi fupi alikuwa nako tangu Florida.

Ngarenaro_Film
Mnabishana miguu, mlango hamjauliza. Mkataba wake wa kwanza ni miaka 4, karibu dola milioni 34, zote zina dhamana. Ndiyo maana Colts hawakuwa na sababu ya kumkata haraka.

Milango ya kurudia ni miwili. Wa kwanza ni kuachwa na kudaiwa, yaani timu nyingine kuomba kumchukua. Mchezaji mwenye misimu chini ya 4 iliyohesabiwa akikatwa, jina lake hupitishwa kwanza kwa timu nyingine, zilizo chini kwenye msimamo zikitangulia, na anayemdai anaubeba na mkataba. Dirisha la kubadilishana wachezaji likishafungwa, hata wakongwe hupita humo. Ndivyo Rams walivyompata kwotabeki Baker Mayfield Desemba 2022: Jumanne wakamdai, Alhamisi akawapiga Raiders 17-16 kwa shambulizi la mwisho la yadi 98. Tampa Bay wakampa mwaka mmoja kwa dola milioni 4, na 2024 wakampa miaka 3 kwa milioni 100.

Wa pili ni kikosi cha mazoezi, na hapa mfano ni huyo huyo aliyemnyang'anya namba. Giants walimwacha Daniel Jones Novemba 2024, akaenda kukaa kikosi cha mazoezi cha Minnesota, akajifunza mfumo wa kocha wao Kevin O'Connell, kisha Colts wakampa dola milioni 14 za mwaka mmoja. Ningekuwa wakala wa Richardson, ningekataa timu inayoahidi namba nikatafuta yenye kocha wa aina hiyo na kwotabeki mkongwe mbele.

Kijenge_Juu
Nimewaelewa. Sasa sisi tukitazama, tuangalie nini?

Ngarenaro_Film
Mechi za maandalizi za Agosti, nyingi kwetu ni kuanzia saa 8 usiku. Wa akiba huingia mapema humo. Achana na pasi ndefu, hizo zitakudanganya. Angalia ile fupi ya pembeni kwa mkimbiaji: anaidaka akiwa anaendelea kukimbia, au anasimama na kuruka? Akiruka robo ya kwanza na robo ya pili, zima TV ulale.

Dada_Soweto_Moshi
Mimi nitasubiri robo ya tatu.