Mrejesho: kichefuchefu kilichokatika ghafla

Asalaam alaykum shoga zangu. Mimi ndiye yule wa Wete niliyeuliza wiki iliyopita: mimba wiki ya 9, kutapika kumekatika siku mbili, matiti hayaumi tena, je, mtoto yuko salama?

Jumatatu nilikwenda kupiga picha Chake Chake. Daktari kanizungushia kile kidude tumboni, kimya, mie roho juu. Kisha kanigeuzia skrini: kidoa kinapiga mbio mbio, mara 170 kwa dakika. Nililia mpaka nikaona haya. Kaniambia kichefuchefu hupanda na kushuka, leo kipo kesho hakipo, na wengi hupata nafuu baina ya wiki ya 12 na 16. Ila nikiona damu au tumbo likinikata, nisingoje miadi, niende siku hiyo hiyo.

Basi jana kimerudi! Jirani kaanika karafuu majamvini, harufu niliyokulia nayo, ikanikimbiza chooni. Wifi yangu kacheka hadi kakaa chini. Ile chai ya tangawizi mliyonishauri, samahani, haikai. Kinachokaa ni embe mbichi na chumvi.