Ziwa likikauka mpaka kule linapokutana na bahari, wanapima nini zaidi ya chumvi?

Mdau_Mazingira: Wakuu habari zenu, nasoma kuhusu ule ukame mrefu wa Australia, Ziwa Alexandrina na Coorong (rasi ndefu ya maji ya chumvi) kule mto Murray unapoingia baharini, naona wengi wanaongelea chumvi tu, kwani hakuna kingine cha kupima?

Fundi_Maabara: Kipo mkuu tena kizito, asidi. 2009 ziwa lilishuka karibu mita moja chini ya usawa wa bahari, sasa lile tope lina madini ya chuma na salfa, likiwa ndani ya maji halina shida ila likipigwa na hewa linatengeneza asidi ya salfa, mvua ikinyesha yote inasombwa ziwani. Usitegemee pH (kipimo cha ukali wa asidi) peke yake, pima uwezo wa maji kumeza asidi, huo ukianza kushuka ujue mambo yanaharibika hata kama pH bado iko poa. Kwenye vijito vya Currency na Finniss vinavyoingia ziwani ilibidi wamwage chokaa kupunguza hiyo asidi.

Binti_Pwani: Na viumbe jamani! Chumvi ilipopanda ikaja minyoo inayojenga vijumba vigumu, ikagandia kwenye magamba ya kobe wa ziwani mpaka wakalemewa, watoto wa shule ndo walikuwa wanawabandulia hiyo minyoo. Iliniuma sana.

Mdau_Mazingira: Duh. Kwa hiyo sampuli za katikati ya ziwa hazitoshi?

Fundi_Maabara: Hazitoshi kabisa, asidi inaanzia pembeni kwenye tope lililopasuka, chota hapo, hasa mvua za kwanza.