Nauza laptop, tunahama: nifute vipi vitu vyangu?

Ndugu zangu, habari za leo.

Mwezi ujao tunahama nchi tena na nimeshapata mnunuzi wa laptop yangu. Mafaili yote nimeyafuta, na pipa la taka nimelimwaga. Inatosha? Nauliza kwa sababu humo mna pasi zetu zote, vibali vya kuishi, taarifa za benki, na hata karatasi alizonitumia mama nimwombee viza.

Jibu:

Dada, usimpe bado. Ukifuta faili, kompyuta inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Picha ya pasi yenyewe mara nyingi inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako ni vilevile.

Mimi niliamini siku niliyonunua laptop iliyotumika. Aliyeniuzia alisema ameisafisha. Nikaweka programu ya bure ya kurejesha mafaili, nijaribu tu. Chai haijapoa, picha zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa nusu kijivu, nusu uso wa mtoto mwenye sare ya shule. Iliyofuata ni cheti cha kuzaliwa, jina la mama na la baba yanasomeka vizuri kabisa. Niliingiwa na baridi. Nikafunga, na usiku uleule nikaifuta diski nzima.

Na jambo hili ni la siku nyingi. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichapisha uchunguzi wa diski 158 zilizotumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Walikuta humo namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Basi anza na nakala. Hamishia unavyovihitaji kwenye diski ya nje, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili yenyewe. Usiridhike na kuona majina. Halafu toka kwenye akaunti zako zote. Kama ni Mac, zima na ile huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, la sivyo mnunuzi atakikuta kimefungwa kwa akaunti yako.

Hapo ndipo ufute. Kwenye Windows 10 na 11, ndani ya mipangilio, kuna sehemu ya kurudisha kompyuta ilivyokuwa mwanzo. Chagua kuondoa kila kitu, na usiharakishe: kabla ya kuthibitisha, fungua mipangilio ya ziada uwashe chaguo la kusafisha data. Wengi wanalipita hilo. Inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo iache kwenye chaji. Mac zenye chipu kuu ya Apple, au chipu ya usalama iitwayo T2, kuanzia macOS Monterey, zina amri yao ya kufuta maudhui na mipangilio yote, nayo huchukua muda mfupi kwa sababu diski imesimbwa tayari, yaani data haisomeki bila ufunguo, na kinachotupwa ni ufunguo huo.

Angalia pia aina ya diski. Ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kuiandika upya yote mara moja kunatosha. Ushauri wa kurudia mara 7 au 35 uache. SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, huhamisha data ndani kwa ndani ili isichakae upande mmoja, kwa hiyo kuandika juu hakufiki kila kona. Kwa hiyo tumia programu ya kufuta ya mtengenezaji wa hiyo SSD. Na hiyo mashine mpya utakayonunua, washa usimbaji wa diski nzima siku ya kwanza, kabla hujaweka hata karatasi moja.

Tafadhali dada, fanya yote. Mama alikutumia karatasi zake kwa kukuamini wewe, si mnunuzi.

Jibu:

Shikamooni wakubwa. Yangu haiwaki kabisa, nataka kuiuza kwa vipuri. Hiyo haina hatari, au?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Ina hatari ileile. Kompyuta kutowaka si diski kufa. Mtu anaitoa, anaichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma. Fungua kifuniko cha chini uitoe, uuze vilivyobaki. Kama imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, usiiuze. Na chungulia tundu la kadi ya kumbukumbu, huwa zinasahaulika humo.

Jibu:

Asanteni sana, kaka hasa. Nimefanya kama ulivyosema, na nakushukuru kwa lile la kufungua mafaili. Nilipochomeka diski ya nje kwenye kompyuta ya mume wangu, folda ya picha za watoto haikufunguka. Kumbe nilichonakili ni njia ya mkato iliyokuwa kwenye skrini. Folda yenyewe ilibaki kwenye laptop. Picha za miaka sita! Nikarudi nikanakili upya, nikazifungua mpaka ya mwisho, ndipo nikafuta.

Ilianza baada ya chakula cha usiku, ikamaliza alfajiri. Sasa inaniuliza nichague lugha, kama siku ile nilipoitoa kwenye boksi. Mnunuzi anakuja saa kumi jioni. Za mama nimezihifadhi kwenye diski iliyosimbwa, na nimempigia kumwambia.