Shawa ya umeme wati 5500: ethi kwenye bomba inafaa?

MkaziDom
Wakuu, habari za leo. Nyumba ipo Dodoma, umeme wa njia moja. Nimenunua shawa ya kupasha maji, wati 5500, volti 220. Fundi anataka achukue umeme kwenye soketi ya chumba cha jirani, waya wa 2.5mm, na ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) aifunge kwenye bomba la bafuni. Mabomba ni PPR. Nje kuna rodi ya ethi iliyozikwa tangu nyumba ijengwe. Anasema kwa kuwa breka ipo, hata ikipiga shoti itakata yenyewe. Kweli?

waya_sita
Mkuu, msimamishe kwanza.

Wati 5500 kwa volti 220 ni ampea 25. Umeme ukipanda hadi 240, elementi hiyohiyo inavuta zaidi ya 27. Waya wa 2.5 uliolala ndani ya paipu ukutani, na bado unalisha soketi nyingine, utapata moto. Hauungui siku hiyo. Ganda lake linakauka taratibu, linapasuka, na siku moja unasikia harufu kwenye soketi.

Vuta njia yake peke yake kutoka kwenye DB (boksi la breka): waya tatu za 6mm (laini, nyutro, ethi), breka ya 32, na swichi ya DP ya ampea 45, ile yenye taa nyekundu, iwe nje ya mlango wa bafu. DP inakata laini na nyutro pamoja. Kule juu kwenye shawa usikubali waya zisokotwe na kuzungushiwa tepu. Weka konekta ya kauri. Ya plastiki inalainika kwa joto, skrubu inalegea, penye kulegea panazidi kuchemka.

ethi_kwanza
Bomba la PPR ni plastiki, halipitishi umeme. Hata mabomba yangekuwa ya chuma, siku fundi bomba akikata kipande na kuweka cha plastiki, ethi imekufa na hakuna atakayejua.

Ila kwenye breka ndipo wengi wanapokosea. Piga hesabu. Tuseme rodi yako inasoma omu 20 (kipimo cha ukinzani, zikiwa chache ndiyo ethi nzuri), na kwa udongo mkavu wa Dodoma kiangazi hiyo ni bahati. Laini ikigusa waya wa ethi: 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Kwa breka ya 32, hiyo ni sawa na umewasha birika la umeme. Haikati! Wakati huo kila chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo, bodi ya friji nayo imo, kinakaa na karibu volti 230 kikimsubiri mtu.

Kinachokata hapo ni RCD ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaoenda kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, pengo likizidi inakata. Hata ethi ya omu 100 inapitisha ampea 2.3, na hizo zinaiangusha mara moja. Weka RCD ya ampea 40 kabla ya breka ya shawa, au RCBO ya 32 peke yake (RCD na breka ndani ya kifaa kimoja).

MkaziDom
Asanteni. Fundi anasema maji yetu ya kisima yana chumvi, RCD itakata kila tukifungua maji. Anashauri tusiiweke, badala yake tuunge ethi na nyutro palepale kwenye shawa.

ethi_kwanza
Kwenye chumvi hajakosea. Shawa nyingi za bei nafuu zina koili tupu, maji yanaigusa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi, unavuja hadi kwenye waya wa ethi, RCD inakata. Yaani inafanya kazi yake. Kabadilishe shawa, chukua yenye elementi iliyofunikwa ndani ya mrija wa chuma.

Kuunga na nyutro, hapana kabisa. Nyutro ikilegea popote, hata kule kwenye nguzo, umeme wa laini unapita kwenye elementi na kuishia kwenye ethi na maji unayoogea.

mpimaji
Nyongeza. Asikupimie ethi kwa balbu. Balbu ya wati 100 ni kama omu 529 ikiwa imewaka, kwa hiyo hata rodi mbovu ya omu 100 itaiwasha vizuri tu na fundi atakwambia "ethi ipo". Tafuta mwenye kipimo cha ethi. Na kitufe cha T kwenye RCD kinapima RCD yenyewe, hakiijui rodi yako.

Fukua kichwa cha rodi uangalie klipu. Ukikuta unga wa kijani, fungua, kwangua mpaka shaba ing'ae, weka klipu mpya ya shaba na waya wa 16mm. Omu zikibaki nyingi, piga rodi ya pili. Kama ya kwanza ni futi 4, iache mbali zaidi ya futi 4. Zikikaribiana zinagombania udongo uleule.

Siku ya kuwasha, fungua maji kwanza yatiririke, ndipo swichi. Koili ikiwaka kavu inakatika kwa sekunde chache.